Kukarabati na Kubadilisha Vipuri Vilivyochakaa vya Mashine za Umeme za Useremala: Mwongozo kwa Karakana za Goma

Mwongozo huu unahusu mashine ambazo seremala wa Goma anazishika kila siku: msumeno wa duara, randa ya umeme, drili, ruta ya kuchonga mifereji na kingo za mbao, mashine ya msasa, na ile mashine kubwa ya mezani inayopasua na kuranda kwa mota moja. Vipuri vinavyochakaa ndani ya mashine hizi ni vichache, na vingi vinapatikana mjini kwa bei ndogo kuliko ya mashine mpya. Kinachokula fedha ni kununua kipuri kabla ya kujua kilichoua cha zamani, kwa maana kipuri kipya kikiwekwa pale palipo na ugonjwa uleule kitakufa vilevile, na mara nyingi mapema zaidi.

Hapa kwetu zipo sababu tatu ambazo hurudi tena na tena. Ya kwanza ni mchanga mweusi wa lava. Mbao hushushwa kutoka kwenye lori, husukumwa kwa chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili), kisha hulazwa chini mbele ya karakana juu ya mawe ya volkano, na chembe zinazonasa kwenye nyuzi zake ni ngumu kuliko mti wowote tunaoupasua. Chembe hizo hung'oa makali ya kisu katika ubao wa kwanza tu, na zile zinazovutwa na feni ya mota hukwangua vipande vya kaboni, vile vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, na kuingia kwenye beringi. Dawa yake ni brashi ngumu ya waya au ya nyuzi za plastiki itumike kwenye ubao kabla haujafika kwenye mashine, na mbao zilale juu ya magogo, wala si chini.

Sababu ya pili ni umeme ulioshuka nguvu. Mashine iliyoandikwa volti 220 ikipata 180 huendelea kuzunguka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mota ya mashine ya mkononi hupunguza mwendo, feni yake nayo hupunguza upepo, ilhali fundi anaendelea kusukuma kwa nguvu ileile, basi joto linabaki ndani. Mota kubwa ya mezani huumia zaidi, kwa kuwa nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti: kwa volti 180 badala ya 220 inabaki na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake, na hujaribu kufidia kwa kuvuta umeme mwingi kuliko waya zake zinavyoweza kubeba. Multimita ya bei nafuu iliyochomekwa kwenye soketi kabla ya kazi nzito itakuambia kama inafaa kuanza sasa au kusubiri.

Ya tatu haitajwi sana. Mota nyingi hukadiriwa kufanya kazi kwenye miinuko isiyozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nayo Goma iko karibu mita 1,500. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, hivyo hupoza kidogo kuliko mtengenezaji alivyohesabu. Tofauti si kubwa, ila ukiiongeza juu ya volti pungufu na matundu ya hewa yaliyozibwa na unga wa mbao, utaelewa kwa nini mota zetu hunuka kuungua mapema.

Kabla ya kufungua

Chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona mwenyewe. Kuzima swichi hakutoshi, na kuzima jenereta hakutoshi pia, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha akidhani anakusaidia. Soma kibao cha mashine: jina, namba ya modeli, volti, wati, na kasi. Mashine za mtumba za rangi ya njano zilizotoka Uingereza mara nyingi ni za volti 110. Ukizichomeka kwenye 220 bila transfoma, hakuna kipuri utakachokibadilisha baadaye zaidi ya mota nzima.

Safisha mashine kwa nje kwanza, maana uchafu wa nje ndio utakaoanguka ndani utakapoifungua. Piga picha kwa simu katika kila hatua, hasa mahali waya zinapopita, kwa sababu waya iliyopita njia tofauti hubanwa na kifuniko na kukatika taratibu. Skrubu za mashine moja huwa na urefu tofauti, na ile ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa koili, yaani waya zilizosukwa ndani ya mota. Zichomeke kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye mashine.

Kutambua kilichochakaa

Anza kwa multimita, mashine ikiwa imechomolewa. Weka kipimo cha ohmu kwenye pini mbili za plagi, bonyeza swichi ya mashine, kisha zungusha chaki (kishikio cha keekee cha drili) au msumeno polepole kwa mkono. Mashine nzima itaonyesha ohmu chache, labda 2 hadi 20 kulingana na ukubwa wa mota, na namba itacheza kidogo unapozungusha. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, kuna mkatiko: waya ya nje, swichi, au kaboni zilizoisha. Ikionyesha njia wakati fulani na kukatika wakati mwingine, tikisa waya pale inapoingia kwenye mpini. Mara nyingi ndipo ugonjwa ulipo. Mashine zenye elektroniki ya kuongoza kasi zinaweza kudanganya katika kipimo hiki, kwa hiyo zipimie waya na kaboni peke yake.

Kisha pima kati ya kila pini ya plagi na sehemu yoyote ya chuma inayoshikika, kwa kipimo cha juu kabisa cha multimita, swichi ikiwa imebonyezwa. Pasiwe na njia. Ukiona chini ya megaohmu 2, mashine hiyo inavujisha umeme, na haifai kuwashwa mpaka sababu ijulikane, hata kama inazunguka vizuri. Unga wa mbao uliolowa katika msimu wa mvua unatosha kuleta hali hiyo.

Mengine utayajua kwa sikio, pua na mkono. Mngurumo mzito unaoendelea hata baada ya kuachia swichi, mota ikiwa inajizungukia yenyewe, ni beringi. Mota inayokatakata, au inayoamka ukiigonga ubavuni, ni kaboni. Sauti ya kusaga inayosikika tu unaposukuma mzigo ni gia. Ukishika shafti na kuitikisa kushoto na kulia, mchezo wowote unaouhisi kwa vidole ni mwingi mno.

Vipande vya kaboni na komyuteta

Hiki ndicho kipuri kinachokwisha mara nyingi kuliko vingine, na ndicho kinachotengenezwa vibaya kuliko vyote. Katika mashine nyingi kuna vifuniko viwili vya plastiki vinavyofunguliwa kwa bisibisi bapa, kimoja kila upande wa mota. Katika nyingine lazima kifuniko cha nyuma kitolewe. Toa kipande kimoja kwa wakati, na ukiweke alama ya upande na mwelekeo, kwa sababu kikirudi kikiwa kimegeuzwa uso wake uliochongeka hautakaa sawa.

Angalia urefu. Baadhi ya watengenezaji huchora mstari wa kikomo kwenye kaboni yenyewe. Pasipo na mstari, kaboni iliyofika milimita 5 au 6 imekwisha kazi, hata kama mashine bado inazunguka. Vipande vyote viwili hubadilishwa pamoja, hata kimoja kikiwa bado kirefu. Kimoja kikiwa kimeisha zaidi ya mwenzake kwa kiasi kikubwa, hiyo ni habari: ama springi ya upande huo imelegea kwa joto, ama kaboni inakwama ndani ya nyumba yake, yaani kishikio inamoteleza. Springi iliyogeuka rangi ya samawati imeungua na haina nguvu tena.

Wauzaji wa Birere, mtaa wa biashara wa Goma, wanaelewa haraka zaidi ukiomba kwa Kifaransa charbon (kaboni) na roulement (beringi), nao watakuletea sanduku lenye aina nyingi zilizochanganyika. Nenda na kipande cha zamani pamoja na vipimo vitatu: unene, upana na urefu wa kipya, kwa mfano milimita 5 kwa 8 kwa 15. Angalia pia namna waya inavyoishia, kwa springi yenye kofia, kwa ulimi bapa au kwa kitanzi. Ukikosa saizi yako, chukua kaboni kubwa kidogo ya mota ya aina ileile uipunguze: laza msasa laini juu ya kioo, sukuma kaboni kwa mwendo wa mstari mmoja, na upime kila mara hadi iteleze ndani ya nyumba yake kwa uzito wake wenyewe bila kuyumba. Kaboni inayohitaji kusukumwa kwa kidole itakwama ikipata joto.

Njia mbili za mkato zinazopendwa mjini hazifai. Kaboni za starta ya gari zina shaba nyingi kwa sababu zimekusudiwa volti 12 na mkondo mkubwa. Ndani ya mota ya volti 220 hutoa cheche nzito na kula komyuteta. Kijiti cha kaboni kutoka kwenye betri kavu ya redio nacho hakina waya wa kuunganishia, na ugumu wake hauendani na mota. Kinaweza kukuvusha kazi ya jioni moja. Gharama yake utailipa kwenye rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, ambayo bei yake hukaribia nusu ya mashine.

Kabla ya kuingiza kaboni mpya, tazama komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huigusa. Rangi ya kahawia iliyosambaa sawasawa ni afya. Usiisugue ili ing'ae. Ikiwa ina weusi mzito au mikwaruzo midogo, kata ukanda wa msasa wa karatasi wa namba 400 hadi 600, uzungushe kwenye komyuteta na ugeuze rota kwa mkono mpaka uso ulingane. Usitumie msasa wa kitambaa wa kung'arishia chuma, kwa maana punje zake hubaki kati ya vipande. Kisha angalia mifereji midogo inayotenganisha vipande vya shaba. Mika iliyomo, ile isiyopitisha umeme, inatakiwa iwe chini ya uso wa shaba kwa karibu nusu milimita. Ikiwa imelingana na shaba, kaboni itarukaruka juu yake na kutoa cheche. Kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa hadi kiwe chembamba kama mfereji wenyewe kinatosha kukwangua mika hiyo, mfereji mmoja baada ya mwingine, kwa mkono mtulivu. Maliza kwa mswaki mkavu ili pasibaki unga wa shaba.

Weusi unaorudia kwenye vipande viwili vitatu tu, hasa vikiwa pande zinazotazamana, hauondoki kwa msasa. Pima ohmu kati ya kila kipande na jirani yake kuzunguka komyuteta yote: namba ziwe karibu sawa. Mahali namba inaporuka au kupotea, waya ya rota imekatika. Mahali inaposhuka karibu na sifuri, waya zimegusana. Kati ya kipande chochote na shafti pasiwe na njia. Rota iliyoshindwa vipimo hivi inahitaji kusukwa upya au kubadilishwa, na kaboni mpya juu yake ni fedha iliyotupwa.

Kaboni zikishaingia, endesha mashine bila mzigo kwa dakika kama 10. Cheche ndogo za samawati zitapungua kadiri nyuso zinavyozoeana. Pete ya moto inayozunguka komyuteta yote ni amri ya kuchomoa plagi mara moja.

Beringi

Namba iliyochongwa kwenye ubavu wa beringi ndiyo jina lake, na ukiijua huhitaji kujua jina la mashine. Beringi 608 ina tundu la milimita 8, upana wa nje 22 na unene 7. Ya 6000 ni 10 kwa 26 kwa 8. 6200 ni 10 kwa 30 kwa 9. 6201 ni 12 kwa 32 kwa 10. 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11. Kuanzia 6204 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu, kwa hiyo 6204 ni milimita 20 na 6205 ni milimita 25. Namba ikiwa imefutika, kalipa, kile kipimo cha taya mbili, itakupa vipimo vitatu na muuzaji atakupa namba.

Herufi zinazofuata namba zina maana kubwa kwa mji wetu. ZZ ni beringi iliyofunikwa kwa bati pande zote mbili, nayo huacha nafasi ndogo sana ambayo vumbi la lava huipata. 2RS imefunikwa kwa mpira unaogusa pete ya ndani, na ndiyo ninayoipendekeza kwa msumeno, randa, drili na mashine ya msasa. Ruta ni jambo jingine: baadhi huzunguka mara 25,000 hadi 30,000 kwa dakika, na mpira unaosugua kwa kasi hiyo huzaa joto, hivyo rudisha aina uliyoikuta. Beringi ya bandia mara nyingi hujisaliti: maandishi yamepigwa rangi badala ya kuchongwa, na ukiizungusha sikioni unasikia chembe.

Kuitoa, tumia pula, kifaa cha kuvutia beringi, yenye makucha mawili. Bisibisi mbili za kunyanyulia hupinda shafti, na shafti iliyopinda haionekani kwa macho ila itaua beringi mpya. Kuiingiza, sheria ni moja: nguvu ipite kwenye pete inayobana. Beringi inapoingia kwenye shafti, pigia pete ya ndani, kwa kipande cha bomba kinachogusa pete hiyo peke yake; inapoingia kwenye nyumba yake, pigia pete ya nje. Nyundo ikigonga pete ya nje wakati ya ndani ndiyo inayobana, nguvu yote hupitia kwenye mipira na kuacha vishimo visivyoonekana, na beringi itanguruma siku hiyohiyo. Ikiwa inakataa kuingia, ipashe moto kidogo juu ya balbu ya zamani ya nyuzi mpaka isishikike vizuri kwa mkono mtupu, kisha iteleze. Usiichemshe kwenye mafuta, na usiioshe kwa petroli: beringi iliyofunikwa ina grisi yake ya maisha.

Sasa rudi kwenye swali la kilichoiua. Pete ya nje ikiwa na alama za kuzunguka ndani ya nyumba yake ya plastiki, nyumba imepanuka, na beringi yoyote utakayoiweka itazunguka vivyo hivyo na kuiyeyusha zaidi. Ikiwa mchezo ni mdogo na uko sawa pande zote, ukanda mmoja uliokatwa kwenye kopo la soda, ambao unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, unaweza kuishika kwa muda mrefu. Mchezo ukiwa wa upande mmoja, badilisha nyumba yenyewe, kwa sababu ukanda utaihamisha shafti kutoka katikati.

Ukiwa ndani ya sanduku la gia za msumeno au drili, futa grisi nyeusi yote na uweke mpya ya lithiamu inayostahimili mzigo, isizidi theluthi mbili ya nafasi. Grisi iliyojazwa hadi juu hupata joto na kutafuta njia ya kuingia kwenye mota.

Mkanda na visu vya randa ya umeme

Mkanda wa randa hukatika ghafla: mota inalia, kisu hakigeuki. Fungua kifuniko cha ubavuni, toa mabaki yote yaliyonasa kwenye meno ya puli, na kabla ya kuvaa mkanda mpya zungusha ngoma ya visu kwa kidole. Ikizunguka kwa uzito au kwa kukwaruza, beringi ya ngoma ndiyo iliyokata mkanda. Ikizunguka huru, mshukiwa ni kisu butu, au fundi aliyeweka kina kikubwa kwenye mti mgumu kama libuyu. Mkanda mpya huvaliwa kwanza kwenye puli ndogo, kisha hupandishwa kwenye kubwa huku ukiizungusha kwa mkono. Usiusukume kwa bisibisi, kwa kuwa nyuzi za ndani hukatika mahali ambapo hutapaona.

Visu vya randa nyingi za mkononi vina urefu wa milimita 82, na hubadilishwa au kugeuzwa viwili kwa pamoja. Kwangua utomvu uliokauka chini ya kiti cha kila kisu, maana hata unene wa karatasi utainua upande mmoja. Kisha laza rula ya chuma juu ya soli ya nyuma ipite juu ya ngoma, na uzungushe ngoma taratibu kwa mkono. Ncha ya kisu iguse rula kwa kuipapasa tu, bila kuinyanyua, na iguse sawa pembeni zote mbili. Kisu kilicho juu kitaacha ngazi mwanzoni na mwishoni mwa ubao. Kilicho chini kitafanya randa ipande kadiri unavyosukuma. Kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, pima tena, ndipo ukaze kabisa.

Swichi na waya

Swichi hufa kwa unga wa mbao na kwa kuwasha mashine ikiwa tayari imegusana na mti. Nunua yenye ampia sawa au zaidi, volti 250, umbo lilelile na kufuli lilelile, na uhamishe waya moja moja kutoka ya zamani kwenda mpya. Kuunganisha waya moja kwa moja na kuiacha mashine bila swichi, ili izimwe na kuwashwa kwa plagi, ni jambo linaloonekana katika karakana nyingi na halina udhuru wowote: umeme ukikatika na kurudi, msumeno unaanza kuzunguka juu ya meza bila mtu.

Waya wa nje ukikatika karibu na mpini, kata sentimita 10 za mwisho na urudishe ule uliobaki, ukihakikisha kibano cha ndani kinashika ganda la nje la waya. Chagua waya wa mpira, kwa kuwa wa plastiki hupasuka. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba haina waya wa ardhi na haitaki kuongezewa. Isiyo na alama hiyo lazima ipate waya wa njano na kijani hadi kwenye soketi yenye ardhi ya kweli. Waya wa kurefushia wa mita 30 au zaidi uwe wa milimita za mraba 2.5, na ukunjuliwe wote, vinginevyo utakula volti ambazo tayari ni chache.

Msumeno na kinga yake

Bolti inayoshika msumeno hufunguka kwa kuizungusha upande ule ule msumeno unakozunguka ukikata. Kukumbuka hivyo kunaokoa vichwa vingi vya bolti. Msumeno mpya uwe na kipenyo na tundu la mashine yako, na kasi iliyochorwa juu yake isiwe ndogo kuliko ya mashine. Futa nyuso za washa (pete bapa za chuma) kubwa mbili zinazoubana, maana punje moja ya mchanga hapo huufanya uyumbe. Mti unaotoa moshi na alama nyeusi haulaumiwi; meno yamekwisha. Yale ya kabidi, chuma kigumu sana, hunolewa kwa jiwe la almasi, na tupa haitayafanya chochote.

Kinga ya chini nayo ni kipuri kinachochakaa. Springi yake hulegea, utomvu huigandisha, kisha fundi huifunga kwa waya ili isimsumbue. Ifungue, isafishe, nyoosha palipopinda, na ubadilishe springi mpaka kinga irudi yenyewe kwa haraka ikiachiwa kutoka popote. Msumeno usio na kinga inayorudi haujamaliza matengenezo, hata mota yake iwe mpya.

Mashine ya mezani

Mota inayovuma bila kuanza, kisha ikazunguka vizuri ukiisaidia kwa kuvuta mkanda, karibu kila mara ina kapasita (kile kikopo kinachotunza umeme wa kuianzisha mota) iliyokufa au swichi ya ndani iliyokwama. Kapasita huweka umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Itoe umeme kwa kuigusisha na balbu ya nyuzi, usiifanye ipige cheche kwa bisibisi. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za zamani. Kuongeza mikrofaradi ili mota "ipate nguvu" huunguza koili.

Mikanda ya V yenye mgongo wa milimita 13 ni ya aina A, na ya milimita 17 ni aina B. Herufi na namba zimeandikwa mgongoni. Puli ikiwa na mifereji miwili, badilisha mikanda yote miwili kutoka kundi moja. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli mbili: uguse kila mahali, la sivyo mkanda utajikata ubavuni. Ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, uingie kama sentimita 1 kwa nafasi ya nusu mita.

Visu vya ngoma kubwa hunolewa na kupimwa uzito pamoja, kwa sababu tofauti ndogo huitetemesha mashine yote na kula beringi. Kuviweka, laza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya nyuma kikivuka ngoma, weka alama ya penseli kwenye kijiti penye ukingo wa meza, kisha zungusha ngoma kwa mkono. Kila kisu kikibebe kijiti mbele kwa karibu milimita 3, na kiasi hicho kiwe kilekile kulia na kushoto, na kilekile kwa kila kisu. Kazi hii inachukua muda, na haina njia fupi.

Kufunga na kujaribu

Kabla ya skrubu ya mwisho, zungusha mota kwa mkono na uhakikishe hakuna waya inayoguswa na feni. Rudia kipimo cha kuvuja kati ya plagi na chuma. Jaribio la kwanza la mashine za mkononi zisizo na elektroniki lifanyike kupitia taa ya halojeni ya wati 500 iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa soketi ya majaribio. Kabla ya kubonyeza swichi taa iwe imezimika. Ukibonyeza iwake kwa nguvu, kisha ififie mota inapopata mwendo. Kwa mota kubwa itabaki ikiwaka nusu na mota itazunguka polepole, jambo ambalo ni la kawaida. Taa ikiwaka kwa nguvu zote na mota isisogee, fungua tena: kuna kitu kimebanwa au waya zimegusana, na taa imekuepushia moshi.

Baada ya hapo ichomeke moja kwa moja, ishike mbali na mwili, na uiache ikimbie bila mzigo kwa dakika chache huku ukigusa sanduku la gia na nyumba za beringi. Uvuguvugu unakubalika, joto linalokufanya uondoe mkono halikubaliki. Kata mti laini kwanza. Baada ya saa moja ya kazi ya kweli, chomoa tena na ukaze upya bolti za visu, kisha utazame kaboni kama zimeanza kuchongeka sawa. Ndani ya kifuniko cha mashine andika kwa kalamu ya rangi namba za beringi, vipimo vya kaboni na tarehe ulipovibadilisha, ili fundi atakayeifungua baada yako aende Birere akijua anachoomba.